NANI ALITOA AMRI? Wakubwa wa vita mbele ya mahakama

(Mazungumzo yaliyosikika katika kipindi cha amani, Nyunzu. Yamepigwa chapa kwa ajili ya wale ambao hawakuyasikia, na kwa vikundi vya wasikilizaji vinavyopenda kuyasoma pamoja.)

Ndugu msikilizaji, na wewe unayesoma karatasi hii kwa sababu siku ile redio yako haikuwa na betri, nakusalimu. Leo nitajibu swali moja tu. Niliulizwa na mama mmoja sokoni hapa Nyunzu, mama anayeuza mafuta ya ngazi, ambaye vita vilimnyang'anya wadogo zake wawili. Aliniambia hivi: "Mwanangu, wewe umesoma sheria. Wale vijana walioshika mapanga tunawajua. Wengine tunakutana nao hapa hapa. Lakini yule aliyewatuma, mbona hakuna anayemuuliza?"

Nilimjibu pale pale kwa maneno machache, kisha nikarudi nyumbani nikiona aibu, kwa maana jibu langu lilikuwa fupi kuliko swali lake. Hivyo nimechukua muda, na leo ninajaribu tena.

Kwanza tuelewane juu ya jambo ambalo watu wengi hulidhani sivyo. Watu hufikiri kwamba mkubwa wa jeshi au wa kikundi cha silaha hawezi kuhukumiwa ikiwa yeye mwenyewe hakuua. Husema: "Yeye alikuwa Manono, mauaji yalifanyika huku, utamshitaki nini?" Sheria haisemi hivyo. Chukua mfano wa kiangazi chetu. Mzee mmoja anawatuma vijana wake kuchoma pori ili wapate panya na sungura. Moto unavuka, unaingia katika mihogo ya jirani. Mzee anauona moshi. Anasikia jirani akilia. Anabaki ameketi chini ya mwembe wake, na vijana wanaporudi anakula nyama pamoja nao. Je, kwa kuwa yeye hakushika kiberiti, utasema hana kosa? Hata chefu wa kijiji, asiyejua kusoma, atamwita mzee huyo kwanza, vijana baadaye.

Sheria ya dunia inasema karibu vile vile. Mkataba wa Roma, ambao nchi yetu iliukubali mwaka 2002 na ambao ulianza kufanya kazi tarehe 1 Julai mwaka ule, unalieleza jambo hili katika kifungu cha 28. Mkuu wa jeshi anajibu kwa makosa ya watu wake ikiwa mambo matatu yameonekana. La kwanza, watu wale walikuwa kweli chini ya amri yake, yaani akisema "simameni" wanasimama. La pili, alijua wanachofanya au wanachotaka kufanya, au hali ilikuwa ya namna ambayo ilimpasa kujua. La tatu, hakufanya kile kilichokuwa katika uwezo wake ili kuwazuia, kuwaadhibu, au kuwapeleka mbele ya sheria. Tena kifungu hicho hakisemi juu ya wenye nyota mabegani peke yao. Kinamtaja pia mtu anayefanya kazi ya mkuu wa jeshi kwa vitendo, hata kama hakuna serikali iliyompa cheo. Kwa hiyo komanda wa Mai-Mai, anayevaa hirizi na kofia ya manyoya, naye yumo.

Na ikiwa alitoa amri mwenyewe, jambo ni jepesi zaidi: aliyeamuru kosa ni mkosaji kama aliyelitenda.

Hapa askari mdogo huuliza: "Na mimi niliyepewa amri? Ningekataa ningepigwa risasi." Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inamjibu, na kwa ajabu inamjibu katika kifungu chenye namba ile ile, 28. Hakuna mtu anayelazimika kutii amri iliyo wazi kuwa ni kinyume cha sheria. Amri ya kuwaua akina mama na watoto haihitaji avoka wa kuichambua. Sisemi kwamba kukataa ni rahisi. Ninasema tu kwamba "nilitumwa" haimwoshi mtu, na "sikushika panga" haimwoshi aliyemtuma.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1945, baada ya vita vikuu vya pili, jenerali Mjapani Tomoyuki Yamashita alishitakiwa huko Manila kwa mauaji ambayo maaskari wake waliwafanyia raia wa Ufilipino. Alijitetea kwamba hakuamuru na hakujua, kwa sababu mawasiliano yake na vikosi yalikuwa yamekatika. Walimhukumu hata hivyo, na Februari 1946 alinyongwa. Mpaka leo wanasheria wanabishana kama hukumu ile ilikuwa ya haki, kwa maana haikuonyeshwa vizuri kwamba alijua. Mimi niko upande wa wale wanaoona shaka. Na ndiyo maana sheria ya leo inadai ushahidi wa hatua zile tatu, moja moja.

Basi tuje kwetu Katanga, maana Nyunzu ilikuwa sehemu ya Katanga mpaka mikoa ilipogawanywa mwaka 2015. Nitakueleza kesi tatu, nawe utaona mahali zilipokwama.

Kesi ya kwanza ni ya Ankoro, katika teritware ya Manono, pale mto Luvua unapoingia Lualaba. Novemba 2002 maaskari wa serikali walipigana na Mai-Mai katika mji ule. Raia wengi waliuawa, na maelfu ya nyumba zilichomwa. Kumbuka kwamba Mai-Mai wale walikuwa wamepewa silaha na serikali yenyewe ili wapigane na Rassemblement na Warwanda. Maaskari saba walipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi huko Lubumbashi. Ilipofika mwaka 2004, mahakama haikumtia yeyote katika hatia ya jinai dhidi ya ubinadamu. Mji mzima uliteketea, na kwa sheria ni kama moto ulijiwasha.

Kesi ya pili ni ya Kilwa, kando ya ziwa Mweru. Tarehe 14 Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliushika mji ule. Kesho yake maaskari wa brigedi ya 62, chini ya kolonele Ilunga Ademar, waliurudisha. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliona kwamba watu zaidi ya 70 walikufa, na wengine wao hawakufa katika mapigano bali waliuawa baada ya kukamatwa. Maaskari walikuwa wametumia magari ya kampuni ya Anvil Mining, iliyokuwa ikichimba madini huko Dikulushi. Kesi ilifunguliwa Lubumbashi Desemba 2006, na washitakiwa walikuwa maaskari pamoja na wafanyakazi watatu wa kampuni ile. Tarehe 28 Juni 2007 mahakama ya kijeshi ilisema kwamba waliokufa walikufa vitani. Kwa mambo ya Kilwa, wote waliachiliwa. Kolonele alipewa adhabu kwa mauaji mengine, yasiyohusu Kilwa. Louise Arbour, ambaye wakati ule alikuwa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa, alilalamika waziwazi juu ya hukumu ile. Miaka kumi baadaye, mwaka 2017, ilitangazwa kwamba Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu imeiona serikali yetu ina hatia kwa mambo ya Kilwa. Ilitaka iwalipe walioleta malalamiko dola milioni mbili na nusu, na upelelezi ufunguliwe tena.

Kabla ya kesi ya tatu niache neno moja juu ya ngazi za mahakama, maana bila hilo hutaelewa kwa nini wakubwa huchelewa kuhukumiwa. Katika sheria za kijeshi za mwaka 2002, askari hawezi kuhukumiwa na juji mwenye cheo kidogo kuliko chake. Tribinali ya kijeshi ya garnizoni, kama ile ya Kalemie, inahukumu mpaka kapiteni. Meja na kolonele wanakwenda mbele ya Mahakama ya kijeshi ya mkoa. Jenerali anahukumiwa Kinshasa tu, mbele ya Mahakama Kuu ya kijeshi. Kadiri mtu anavyopanda cheo, ndivyo mahakama yake inavyokuwa mbali na kijiji alichokichoma. Hata hivyo inawezekana: Novemba 2014, jenerali Jérôme Kakwavu alipewa kifungo cha miaka 10 huko Kinshasa kwa makosa ya kivita aliyoyafanya Ituri, na ubakaji ulikuwa mojawapo.

Sasa kesi ya tatu, ambayo ninyi wa Nyunzu mnaijua kwa jina la mtu mmoja: Gédéon.

Gédéon Kyungu Mutanga alikuwa komanda wa Mai-Mai katika eneo la Mitwaba, Manono na Pweto, eneo ambalo watu walilipa jina la pembetatu ya kifo. Vita vikubwa vilipokwisha na wakubwa wakagawana viti Kinshasa, yeye alibaki porini. Vijiji vilichomwa, watu waliuawa kwa kuteswa, wanawake walitekwa, na watoto walichukuliwa kupigana. Sitaeleza zaidi, kwa sababu watoto wanasikiliza redio, na wale walioyaona hawahitaji nikumbushe. Mei 2006 alijitokeza Mitwaba na kujisalimisha kwa maaskari wa Umoja wa Mataifa.

Kesi yake ilianza Agosti 2007 huko Kipushi, mbele ya tribinali ya kijeshi ya garnizoni, pamoja na washitakiwa wengine zaidi ya ishirini. Ilichukua mwaka mmoja na nusu. Nataka ulitazame jambo hili kwa makini: hapa kazi ya mahakama haikuwa kujua kama watu walikufa. Hilo kila mtu alilijua. Kazi ilikuwa kuunganisha vifo vya vijiji vilivyo mbalimbali na mtu mmoja. Nani alikuwa akiwatuma wapiganaji? Nani aliletewa vitu vilivyoporwa? Waliporudi na mateka, walimpelekea nani? Maswali hayo hayajibiwi na daktari wala na picha. Hujibiwa na watu: mama aliyetekwa akapikishwa kambini na kusikia nani anaamuru, mtoto aliyebeba risasi, mzee aliyetumwa barua, mvuvi aliyelazimishwa kuwavusha.

Machi 2009 tribinali ilitoa hukumu. Gédéon alionekana na hatia ya jinai dhidi ya ubinadamu, uasi na ugaidi, akahukumiwa kifo, ingawa wakati ule Kongo ilikuwa haitekelezi adhabu hiyo, na maana yake ilikuwa gereza la maisha. Mahakama iliiamuru pia Serikali ichangie kuwalipa waathirika, kwa kuwa ilishindwa kuwanyang'anya Mai-Mai silaha. Kwangu mimi sehemu hii ina uzito kuliko hata adhabu ya kifo. Serikali iliyogawa bunduki iliambiwa na mahakama yake yenyewe kwamba haiwezi kunawa mikono.

Ingekuwa hadithi, ningeishia hapo. Lakini tarehe 7 Septemba 2011 watu wenye silaha walilivamia gereza la Kasapa huko Lubumbashi, na wafungwa zaidi ya 900 walitoka, Gédéon akiwa mmoja wao. Mimi nilikuwa mwanafunzi Lubumbashi mwaka ule. Gereza na kampasi ya chuo kikuu ziko upande mmoja wa mji, na siku ile tulifunga milango tukakaa kimya. Mwenzangu mmoja, mtu wa Mitwaba, alikaa usiku kucha akiwaza juu ya mjomba wake aliyekuwa ameshuhudia Kipushi. Alisema neno ambalo sijalisahau: "Majaji wana walinzi. Mjomba wangu ana mbwa mmoja."

Baada ya hapo likazaliwa kundi la Bakata Katanga. Machi 2013 wapiganaji wake waliingia mpaka katikati ya Lubumbashi, wakaishia katika kambi ya Umoja wa Mataifa. Oktoba 2016 Gédéon alitoka porini tena, na safari hii wakubwa walimpokea kwa sherehe. Akapewa nyumba na walinzi Lubumbashi. Mtu aliyehukumiwa kwa jinai dhidi ya ubinadamu, mwenye kesi iliyokwisha, hakurudishwa gerezani. Machi 2020 aliitoroka nyumba hiyo pia.

Najua unachotaka kuniuliza. Ikiwa ni hivyo, kesi ina faida gani? Nitarudi kwenye swali hilo. Kwanza vuka nami kidogo kwenda kaskazini, uone kesi iliyokwenda kwa njia nyingine.

Usiku wa tarehe 1 Januari 2011, maaskari wa jeshi la taifa waliuvamia mji wa Fizi, Kivu ya Kusini, wakapora na kubaka. Mkubwa wao alikuwa luteni-kolonele Kibibi Mutware. Mahakama ya kijeshi haikuwangoja wamama wasafiri kwenda Bukavu. Ilifunga mizigo yake ikaenda Baraka, mji wa karibu. Ndiyo inayoitwa mahakama ya kutembea. Wanawake 49 walitoa ushahidi, na wengi walilindwa wasionekane nyuso. Tarehe 21 Februari, hata miezi miwili ilikuwa haijatimia, kolonele alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa jinai dhidi ya ubinadamu, na baadhi ya maofisa na maaskari wake pamoja naye. Sheria ilikuwa Mkataba wa Roma ule ule. Majaji wa Mbandaka walikuwa wameonyesha tangu Aprili 2006 kwamba unaweza kutumiwa moja kwa moja katika mahakama zetu, walipowahukumu maaskari waliobaka wanawake wa Songo Mboyo. Tofauti ya Fizi ilikuwa upesi na ukaribu. Mashahidi walikuwa bado wanakumbuka nani alisimama wapi na nani aliitwa "kolonele", na jioni walirudi kulala kwao.

Ili usidhani kwamba kesi za mbali zina nguvu zaidi, nikutajie ya Jean-Pierre Bemba. Machi 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, huko La Haye, ilimtia hatiani kwa kifungu kile cha 28, kwa ajili ya makosa ya maaskari wake wa MLC huko Afrika ya Kati mwaka 2002 na 2003. Alipewa miaka 18. Juni 2018, katika rufani, majaji watatu dhidi ya wawili walimwachilia. Walisema majaji wa kwanza hawakupima vizuri hatua alizochukua, wala ugumu wa kuwasimamia maaskari walio katika nchi nyingine. Hakuna aliyesema kwamba wanawake wa Bangui hawakubakwa. Kilichovunjika ni kamba kati ya kosa na mkubwa, na ilivunjika katika hatua ya tatu. Wengine wa La Haye hawakuponyoka: Thomas Lubanga alipata miaka 14 kwa kuwatumia watoto vitani, na Bosco Ntaganda miaka 30. Yupo pia Germain Katanga, aliyepewa miaka 12 kwa mauaji ya Bogoro. Jina lake linawachanganya watu huku kwetu, lakini yeye ni mtu wa Ituri.

Turudi Nyunzu. Nisipozungumza juu ya Vumilia mtasema ninaogopa, na ni kweli ninaogopa kidogo. Tarehe 30 Aprili 2015, wapiganaji wa Kiluba waliivamia kambi ya Watwa waliokimbia vijiji vyao, hapa Nyunzu. Waliichoma, na waliua watu wasiopungua 30 kwa mapanga, mashoka na mishale. Na katika miaka ile ile, wapiganaji wa Kitwa nao walichoma vijiji vya Waluba na kuwaua watu wake. Mwaka huo wa 2015 Mahakama ya Rufani ya Lubumbashi ilianza kusikiliza kesi ya watu 34, Waluba na Watwa, walioshitakiwa kwa mauaji ya kimbari na jinai dhidi ya ubinadamu. Haikuwa mahakama ya kijeshi. Washitakiwa walikuwa raia, na Katiba inasema, katika kifungu cha 156, kwamba mahakama za kijeshi ni za jeshi na polisi. Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 ndiyo iliyozipa Mahakama za Rufani uwezo wa kuhukumu makosa makubwa namna hii.

Naomba uone jambo moja hapa. Karatasi ya mashitaka haiandikwi "Waluba" wala "Watwa". Inaandikwa jina la mtu, jina la baba yake, kijiji chake, na alichotenda. Mahakama haiwezi kulishitaki kabila. Sokoni, kinyume chake, tunashitaki makabila kila siku, na anayefurahi zaidi kwa jambo hilo ni komanda. Tukisema "Watwa ndio wauaji", yeye aliyewakusanya vijana wa Kitwa na kuwapa mishale anatoweka ndani ya kabila zima kama samaki ndani ya Lukuga. Tukisema "Waluba wote ni wale wale", yule aliyepita nyumba kwa nyumba akichanga pesa za mapanga anajificha nyuma ya mama wa Kiluba aliyemficha jirani yake wa Kitwa chini ya kitanda.

Mzee mmoja wa Kimbote aliwahi kuniuliza: "Na wa zamani je? Wa Rassemblement?" Mzee, hapo jibu langu ni dogo. La Haye haiwezi kugusa kosa lililofanyika kabla ya tarehe 1 Julai 2002. Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti kubwa mwaka 2010, yenye matukio zaidi ya 600 ya kati ya mwaka 1993 na 2003, ya wenyeji na ya majeshi ya kigeni. Mengi kati ya hayo hayajawahi kufika mbele ya juji. Makosa haya hayazeeki, yaani hakuna miaka ya kupita ili mtu asishitakiwe tena. Lakini mashahidi wanazeeka, na hilo unalijua kuliko mimi.

Sasa swali nililoliacha: kesi ina faida gani ikiwa mlango wa gereza hauna kufuli?

Mama wa sokoni, wewe ndiye ninayekujibu. Sitakuambia kwamba hukumu ya Kipushi iliwapa watu usalama, maana haikuwapa. Lakini tazama kile ambacho kutoroka hakukifuta. Mwaka 2016, alipopokelewa kwa sherehe, kila gazeti na kila shirika la haki za binadamu liliweza kuandika neno moja mbele ya jina lake: mhukumiwa. Halikuwa tusi la wapinzani wake. Lilikuwa neno la mahakama, lenye tarehe na muhuri. Wakubwa waliompokea walilazimika kujieleza. Linganisha na Ankoro: pale hakuna jina hata moja la kuandikwa hivyo, na yeyote aliyeamuru anaweza leo kugombea kiti na kukuomba kura. Kwa ajili ya malipo pia, ni lazima pawe na maandishi yanayosema nani alitendewa nini. Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 iliunda mfuko wa taifa wa kuwafidia waathirika, unaoitwa FONAREV. Mtu ambaye jina lake halimo katika jalada lolote atakuwa na kazi ngumu kujieleza mbele ya mfuko huo.

Kwa hiyo, ikiwa una habari juu ya mkubwa fulani, ujue ni habari gani inayobeba uzito. Watu wengi wakienda kueleza husema, "waliua, walichoma". Ni kweli, lakini hilo linamfikia mwenye panga tu. Kinachomfikia mkubwa ni vitu vinavyoonekana vidogo. Vijana walimwitaje? Aliposema "basi", waliacha? Alikuja kijijini siku ile, au kesho yake, na alisema nini alipoona maiti? Kuna mzee au padri au nesi aliyemwendea kulalamika, na akajibiwa nini? Ng'ombe, mbuzi na mabaiskeli yaliyochukuliwa yalipelekwa kwenye boma la nani? Na je, kuna kijana yeyote aliyemwadhibu? Ikiwa alikuwa na nguvu ya kumpiga viboko askari aliyeiba kuku wake, hawezi kusema hakuwa na nguvu ya kumzuia yule aliyebaka. Jambo hili la kuku si mzaha, avoka anaweza kujenga juu yake nusu ya kesi.

Sema ulichokiona kama ulichokiona, na ulichosikia kama ulichosikia, kwa jina la aliyekuambia. Usiongeze chumvi ili kumsaidia mwendesha mashitaka. Avoka wa upande wa pili akikamata uongo mmoja mdogo, atautumia kuuangusha ukweli wako mkubwa.

Na uwe mwangalifu. Sikuambii usimame sokoni na kutaja majina. Usiandike daftari la majina na kuliacha nyumbani. Usimwendee mtu mwenyewe ili kumwuliza. Ofisi ya mwendesha mashitaka wa jeshi, ile maaskari wanayoiita Oditora, iko Kalemie. Mashirika ya haki za binadamu na kamati za amani zinajua njia ya kufika huko bila kelele, na ofisi za Umoja wa Mataifa za haki za binadamu zimekuwa zikisaidia mahakama za kutembea. Kabla ya kueleza neno lolote, uliza kwanza: nani atasoma maneno haya, na jina langu litafichwaje? Asiyeweza kukujibu swali hilo, mwambie utarudi siku nyingine. Mjomba wa mwenzangu hakuulizwa, wala hakuuliza.

Mama, uliniambia kwamba unamjua mtu aliyekuwa akibeba barua za komanda yule kati ya Nyunzu na porini, na kwamba sasa amezeeka na anakohoa. Nilikuambia tutaonana baada ya mavuno. Usingoje mavuno. Nitapita sokoni Jumamosi, mapema, kabla watu hawajajaa.